Imamura Akitsune, Mtu Aliyeonya Mapema



Katika somo hili utasoma habari za mtu mmoja wa nchi ya Japani. Jina lake ni Imamura Akitsune. Kwa desturi ya Wajapani jina la ukoo hutangulia, kwa hiyo sisi tutamwita Imamura. Alifariki zamani, mwaka 1948. Hakuwa mfalme wala jemadari. Alikuwa mwalimu na mchunguzi wa matetemeko ya ardhi. Aliwaonya watu wa nchi yake juu ya hatari mbili kubwa. Mara ya kwanza alichekwa. Mara ya pili hakusikilizwa vya kutosha. Mara zote mbili hatari ilikuja.

Huenda ukajiuliza: mambo ya Japani yananihusu nini? Kumbuka tarehe 26 Desemba, 2004. Siku hiyo ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra, nchini Indonesia. Mawimbi makubwa yakavuka Bahari ya Hindi yote. Baada ya saa chache yakafika pwani ya Afrika Mashariki. Watu karibu 300 walikufa Somalia, na wengine walikufa Tanzania na Kenya. Tetemeko lile lilikuwa la aina ile ile aliyoichunguza Imamura maisha yake yote. Basi soma polepole, ufikiri.

1. Ujana wake

Imamura alizaliwa mwaka 1870 katika mji wa Kagoshima, kusini mwa Japani. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Tokyo, akachagua elimu ya matetemeko ya ardhi. Wakati huo elimu hiyo ilikuwa bado changa duniani.

Japani haikukosa mambo ya kumfundisha. Mwaka 1891 tetemeko liliua watu zaidi ya 7,000 katikati ya nchi. Mwaka 1896 mawimbi makubwa yaliingia pwani ya kaskazini mashariki, yakaua watu wapatao 22,000. Mawimbi ya namna hii Wajapani huyaita tsunami, na sasa dunia nzima hutumia neno hilo.

Imamura akajiuliza mawimbi hayo yanatoka wapi. Mwaka 1899 alieleza kwamba sakafu ya bahari ikiinuka au ikishuka ghafula, maji yaliyo juu yake husukumwa, na hapo ndipo tsunami huzaliwa. Wengi hawakukubali. Leo tunajua alisema kweli.

Alifanya kazi chuoni chini ya Profesa Omori Fusakichi, mtaalamu aliyesifika katika nchi nyingi. Kwa miaka mingi Imamura hakulipwa mshahara na chuo hicho. Riziki yake aliipata kwa kufundisha katika shule ya jeshi.

2. Kwa nini ardhi ya Japani hutetemeka

Kabla hatujaendelea, tuelewe jambo moja. Gamba la nje la dunia si kitu kimoja. Limepasuka vipande vikubwa sana ambavyo wataalamu huviita mabamba. Mabamba hayo husogea, lakini polepole mno, sentimita chache tu kwa mwaka, kama kucha zako zinavyokua.

Mahali pengine mabamba huachana. Ndivyo ilivyo katika Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Mahali pengine bamba la chini ya bahari huingia chini ya bamba lililobeba nchi kavu. Ndivyo ilivyo Japani na Sumatra. Matetemeko makubwa kupita yote duniani hutokea mahali pa namna hii.

Fikiria ng'ombe anayevuta gogo kwa kamba. Gogo limekwama. Ng'ombe anaendelea kuvuta, kamba inakazika, lakini gogo halitoki. Kisha kwa ghafula gogo linachomoka na kuruka mbele. Bamba la bahari nalo huvuta hivyo hivyo. Mahali yanapogusana, mabamba hukwama. Kwa miaka mia moja au zaidi nguvu hujikusanya. Siku moja miamba hushindwa, inateleza mita kadhaa kwa mara moja, na nchi yote hutetemeka.

Imamura mwenyewe hakujua habari za mabamba. Elimu hiyo ilikubaliwa na wataalamu katika miaka ya 1960, yeye akiwa amekwisha kufa. Lakini kwa kusoma kumbukumbu za zamani aliona kwamba matetemeko makubwa hurudi mahali pale pale, kama mgeni anayejua njia.

3. Onyo la mwaka 1905

Imamura alisoma habari za kale za jiji la Tokyo. Aliona kwamba matetemeko yaliyoua watu wengi yalitokea mwaka 1649, mwaka 1703 na mwaka 1855. Akapiga hesabu. Kwa wastani yalipishana miaka 100. Tangu lile la mwisho miaka 50 ilikuwa imekwisha pita.

Kisha akaitazama Tokyo ya siku zake. Nyumba zilikuwa za mbao, zimesongamana. Watu waliwasha taa za mafuta. Mabomba ya maji yangeweza kupasuka ardhi ikitikisika. Akaona kwamba hatari kubwa haikuwa tetemeko peke yake, bali moto utakaofuata.

Mwaka 1905 aliandika makala katika jarida moja. Alieleza kwamba tetemeko kubwa linaweza kuja katika miaka 50 ijayo, na kwamba moto ukienea, watu zaidi ya 100,000 wanaweza kufa. Alishauri watu waache taa za mafuta na kutumia umeme, na serikali ijiandae kuzima moto. Hakutaja siku, maana hakuijua. Alitaka watu wajitayarishe tu.

Mambo yalikwenda vibaya. Mapema mwaka 1906 gazeti moja liliitoa habari hiyo kwa namna ya kutisha. Watu wakaingiwa na hofu. Uvumi ukaenea kwamba tetemeko linakuja sasa hivi. Profesa Omori akaona lazima atulize watu. Akaandika kwamba maneno ya Imamura hayana msingi.

Tangu hapo watu walimwita Imamura mwongo na mtu wa kujitapa. Msomaji, fikiri jinsi ilivyokuwa. Aliyemkanusha alikuwa mkubwa wake wa kazi, na walifanya kazi katika idara moja. Imamura alivumilia hali hiyo miaka 17. Hakuacha kazi, wala hakufuta hesabu yake.

Tusimhukumu Omori haraka. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa fujo, na hofu nayo huumiza watu. Kosa lake ni kwamba kwa kuizima hofu, aliizima na tahadhari pia.

4. Saa sita kasoro dakika mbili

Tarehe 1 Septemba, 1923, ilikuwa siku ya Jumamosi. Saa sita mchana kasoro dakika mbili, ardhi ya Tokyo na Yokohama ilitetemeka kwa nguvu nyingi. Ulikuwa wakati wa kupika chakula cha mchana. Majiko yalikuwa yanawaka karibu kila nyumba. Siku hiyo pia upepo ulivuma kwa nguvu.

Imamura alikuwa ofisini kwake chuoni. Alikaa akihesabu muda wa mtikisiko, kama kazi yake ilivyomtaka. Kisha moto ukaanza. Mabomba ya maji yalikuwa yamepasuka, na maji hayakutoka. Yeye na wenzake walipigana na moto ili kuokoa vyombo na kumbukumbu zao.

Watu wapatao 105,000 walikufa katika janga lile. Walio wengi waliuawa na moto, si kwa kuangukiwa na nyumba. Katika uwanja mmoja tu, walikokimbilia wakidhani pana usalama, walikufa watu wapatao 38,000.

Jambo jingine la aibu likatokea. Uvumi ulienea kwamba Wakorea waliokuwa wakiishi Japani wanatia sumu visimani na kuwasha moto. Ulikuwa uongo mtupu. Lakini maelfu ya Wakorea waliuawa kwa sababu ya uvumi huo. Ona basi, msomaji: neno la kweli lilichekwa kwa miaka 17, na neno la uongo liliaminiwa kwa saa chache.

Siku ile Profesa Omori alikuwa mbali, katika mji wa Sydney, Australia. Alikuwa akitembelea kituo cha kupimia matetemeko. Akaona kwa macho yake sindano ya chombo ikichora mtikisiko mkubwa wa mbali. Ulikuwa mtikisiko wa nyumbani kwake. Alirudi Japani akiwa mgonjwa, akafariki mwezi wa Novemba mwaka ule ule. Imamura akashika kazi yake.

5. Kuelekea kusini

Sasa watu walimheshimu Imamura. Angeweza kukaa na kufurahia sifa. Hakufanya hivyo. Alikuwa amekwisha anza kuitazama pwani ya kusini mwa Japani. Huko kuna mfereji mrefu chini ya bahari uitwao Nankai. Kumbukumbu zilionyesha kwamba huko matetemeko makubwa yalitokea mwaka 1707 na mwaka 1854. Imamura akahesabu tena. Akaona zamu nyingine inakaribia.

Mwaka 1928 alianzisha kituo cha uchunguzi katika mkoa wa Wakayama, kwenye pwani hiyo ya kusini. Hata baada ya kustaafu mwaka 1931 aliendelea na kazi hiyo. Alitafuta fedha, akaweka vyombo, akawaeleza watu wa vijiji vya pwani juu ya tsunami.

Kulikuwa na habari moja ya kale aliyoipenda sana, na alihimiza watoto wafundishwe shuleni. Katika tsunami ya mwaka 1854, giza liliwakuta watu wa kijiji cha Hiro wasijue pa kukimbilia. Mtu mmoja wa kijiji, Hamaguchi Goryo, alitia moto marundo ya mpunga yaliyokuwa mahali pa juu. Watu walifuata mwanga ule, wengi wakapona. Baadaye Hamaguchi alitoa mali yake, akawalipa wanakijiji wajenge ukuta wa udongo kuzuia bahari. Ukuta ulikamilika mwaka 1858. Ulikuwa na urefu wa mita zipatazo 600. Wanakijiji walipata ujira, na kijiji kikapata kinga.

6. Wapimaji wa barabarani

Imamura alijua kwamba ardhi inayokaribia kutetemeka huenda ikainuka au ikashuka kidogo. Umemwona fundi mwashi akitumia pimamaji kuhakikisha ukuta uko sawa. Wapima ardhi nao wana chombo chenye pimamaji, na kwa chombo hicho hulinganisha kimo cha mahali na mahali. Imamura aliwahimiza wapima ardhi wa jeshi warudie kupima vimo vya pwani ile.

Mwaka 1944 Japani ilikuwa vitani. Hata hivyo mwanzoni mwa Desemba wapimaji walikuwa kazini karibu na mji wa Kakegawa. Kawaida yao ilikuwa kupima njia wakienda, kisha kuipima tena wakirudi. Vipimo viwili vikipatana, kazi ni nzuri. Siku hizo vipimo havikupatana. Tofauti ilikuwa milimita chache tu, lakini ilikuwa kubwa kuliko makosa yao ya kawaida. Mchana wa tarehe 7 Desemba, wangali kazini, tetemeko kubwa likatokea.

Watu zaidi ya 1,000 walikufa. Lakini kwa sababu ya vita, serikali haikuruhusu magazeti kueleza ukubwa wa maafa. Hivyo wananchi wengi hawakujua kwamba onyo la Imamura limeanza kutimia. Tarehe 21 Desemba, 1946, kabla ya mapambazuko, sehemu ya pili ya mfereji wa Nankai ikatetemeka. Watu zaidi ya 1,300 walikufa. Katika kijiji cha Hiro, ukuta wa Hamaguchi uliwakinga watu wengi.

Imamura alikuwa na miaka 76. Alisikitika kwamba pamoja na juhudi zake, vijiji vingi havikuwa tayari. Alifariki tarehe 1 Januari, 1948.

7. Ardhi inayoteleza kimya

Sasa turudi kwenye zile milimita chache za Kakegawa. Zilikuwa na maana gani? Kwa miaka mingi hakuna aliyeweza kujibu. Kisha kuanzia miaka ya 1990 Japani iliweka vituo zaidi ya 1,000 vinavyopokea mawimbi ya redio kutoka setilaiti. Vituo hivyo huonyesha ardhi ikisogea hata kwa milimita chache.

Wataalamu wakaona jambo la ajabu. Mabamba yaliyogusana wakati mwingine huteleza bila mtu kusikia lolote. Mtelezo huo huchukua siku, wiki, miezi, hata mwaka mzima au zaidi. Hakuna nyumba inayotikisika, wala kikombe hakianguki mezani. Wameuita mtelezo wa polepole. Umeonekana pia Marekani, Kanada, Meksiko, Chile na New Zealand.

Je, mtelezo huo ni mzuri au mbaya? Fikiria watu wanne waliobeba gogo zito mabegani. Mmoja akiinama polepole, hakuna kishindo. Lakini uzito wake unawaelemea watatu waliobaki. Kama wana nguvu, wataendelea kusimama. Kama mmoja wao amechoka, ataanguka. Vivyo hivyo, sehemu moja ya mwamba ikiteleza polepole, hupunguza mzigo wake na kuutwika sehemu ya jirani iliyokwama. Kama jirani amekaribia kushindwa, tetemeko kubwa linaweza kufuata.

Mambo ya namna hiyo yamewahi kuonekana. Mwaka 2011, kabla ya tetemeko kubwa la tarehe 11 Machi lililoleta tsunami kaskazini mashariki mwa Japani, vyombo vilionyesha dalili za mtelezo wa polepole chini ya bahari. Mwaka 2014 dalili kama hizo zilitangulia tetemeko kubwa la kaskazini mwa Chile. Kwa hiyo wapo wataalamu wanaoamini kwamba wapimaji wa Kakegawa walikuta ardhi imeanza kuteleza kimya. Wengine wanasema huenda yalikuwa makosa ya kupima tu. Shauri hilo halijaisha.

Lakini angalia upande wa pili. Mitelezo mingi ya polepole huja na kupita, na hakuna tetemeko kubwa linalofuata. Kwa hiyo mtu akiona mtelezo hawezi kusema kwamba kesho ni siku ya maafa. Anachoweza kusema ni kwamba huenda hatari imeongezeka.

Mwezi Agosti 2024 serikali ya Japani ilitoa onyo la namna hiyo kwa mara ya kwanza kwa pwani ya Nankai, baada ya tetemeko dogo kuliko yale ya mwaka 1944 na mwaka 1946. Watu waliombwa kwa wiki moja wawe macho, waandae maji na chakula, wajue njia za kukimbilia. Wiki ikapita salama. Hakuna aliyetakiwa kuitwa mwongo kwa sababu hiyo. Kujiandaa hakukuharibu kitu.

8. Tunajifunza nini

Imamura hakuwa mtabiri wala mganga. Alisoma kumbukumbu, akapima, akahesabu, akasema. Mpaka leo hakuna mtu duniani anayeweza kutaja siku na saa ya tetemeko. Ukimsikia mtu anataja, usimwamini na usieneze habari zake. Lakini ukimsikia mtu anayekueleza kwa sababu na hesabu kwamba mahali fulani pana hatari, usimcheke. Muulize tufanye nini.

Nawe una kumbukumbu kijijini kwako. Wazee wanajua mto ulifurika mpaka wapi, na mwaka gani. Wanajua bonde ambalo watu hawakujenga zamani, na sababu yake. Sasa unajua kusoma na kuandika. Chukua daftari, waulize, uandike. Mwenye kumbukumbu huweza kuonya, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Na kama unaishi pwani, shika jambo hili: ukiona bahari imekupwa ghafula kuliko kawaida, usishuke kuokota samaki. Kimbilia mahali pa juu, uwaite na wenzako. Usirudi upesi, maana mawimbi huja zaidi ya moja.

Maswali ya kujibu na kujadili

1. Imamura aliona kwamba hatari kubwa ya Tokyo ilikuwa nini? Kwa nini?
2. Kwa nini Profesa Omori alimkanusha Imamura? Wewe ungefanya nini kama ungekuwa Omori?
3. Eleza kwa maneno yako mfano wa watu wanne waliobeba gogo.
4. Onyo likitolewa na hatari isije, je, aliyeonya amekosea? Jadilini darasani.
5. Waulize wazee wawili juu ya mafuriko, ukame au tetemeko wanalolikumbuka. Andika walichokueleza, pamoja na mwaka.